Pakiti Zilipovalishwa Sare: Je, Sheria ya Australia Ilipunguza Wavutaji wa Sigara?

Tulipokuwa wadogo, pakiti ya sigara ilikuwa mali. Mjomba wetu alikuwa anamaliza moja kwa siku, na ikiisha tu, sisi watoto tunaigombania. Aliyeipata anaikata madirisha, anachomeka vijiti viwili, anaweka vizibo vya soda kuwa magurudumu, basi, lori limekamilika. Ile karatasi ya kung'aa ya ndani tuliitunza katikati ya madaftari. Hakuna mtu aliyetufundisha kuipenda pakiti ile. Mimi sijawahi kuvuta sigara, lakini mpaka leo ukinipa penseli za rangi nakuchorea: rangi yake, herufi zake, hata ule mchoro mdogo wa katikati.

Mjomba aliacha sigara akiwa na miaka hamsini na kitu, baada ya daktari kumwonyesha picha ya kifua chake. Alichelewa. Ngazi nne za kibarazani zilikuwa zinamtoa jasho.

Niliikumbuka pakiti ile wakati nasoma historia ya sheria moja ya Australia, iliyoanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Desemba 2012. Sheria hiyo haikupiga marufuku sigara. Ilisema tu hivi: kuanzia leo, pakiti zote za sigara nchini zitafanana. Hakuna nembo, hakuna dhahabu, hakuna nyekundu. Ni kama shule inapowavalisha watoto wote sare: mtoto wa tajiri na wa maskini huwatofautishi kwa nguo. Kwa hiyo humu nitaziita pakiti za sare.

Swali ni rahisi kuuliza: je, zilipunguza wavutaji? Kujibu ndiko kwenye kazi. Na namna swali hilo lilivyojibiwa inatufundisha jambo kuhusu ushahidi wenyewe: tunautaka ukubwa gani kabla ya kukubali kwamba kitu kimefanya kazi?

Kwa nini kigubiko kiogopwe?

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya miaka ya 1880, sigara zilisokotwa kwa mkono, na mfanyakazi hodari alitoa kama nne kwa dakika. Mwaka 1881 kijana wa Marekani aitwaye James Bonsack alipata hataza ya mashine iliyotoa karibu sigara 200 kwa dakika. Tatizo likageuka kichwa chini. Zamani shida ilikuwa kutengeneza sigara za kutosha, sasa shida ikawa kupata watu wa kuzivuta zote.

Na hapa kuna siri ambayo kila muuza duka anaijua: ukizitoa sigara kwenye pakiti ukazipanga mezani, nyingi ni ngumu kuzitofautisha. Tumbaku ni tumbaku. Anachonunua mteja, kwa sehemu kubwa, ni jina na boksi.

Mfano ambao wasomi wa biashara hawachoki kuutaja ni Marlboro. Kuanzia miaka ya 1920 iliuzwa Marekani kama sigara ya wanawake. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni iliifanyia mageuzi: ikaipa kichungi, boksi gumu lenye kifuniko cha kufunguka juu, rangi nyekundu na nyeupe, na matangazo yenye wanaume wa shoka, wakiwemo wachunga ng'ombe. Sigara ya akina mama ikawa sigara ya wanaume, na baadaye ikawa sigara inayouzwa kuliko zote duniani. Pakiti haikuwa kifungashio tu. Ilikuwa sehemu ya bidhaa yenyewe.

Halafu fikiria hili. Tangazo la redio linapita. Bango la barabarani linabaki barabarani. Lakini pakiti inakaa mfukoni, inatolewa mara ishirini kwa siku, inawekwa mezani mbele ya marafiki, inaachwa sebuleni ambapo watoto wanasubiri kutengeneza malori. Ni tangazo ambalo mteja analilipia na kulitembeza mwenyewe.

Milango ikafungwa mmoja mmoja

Australia haikuamka siku moja ikaamua. Matangazo ya sigara kwenye redio na televisheni yaliondolewa kwa awamu na kumalizika mwaka 1976. Magazeti yakafuata mwishoni mwa 1990. Mwaka 1992 bunge likapitisha sheria pana ya kupiga marufuku matangazo ya tumbaku. Kuanzia 2006 pakiti zikawekwa picha za kutisha: mguu uliooza, mdomo wenye saratani. Baadaye majimbo yakaanza kulazimisha maduka kuficha sigara ndani ya makabati.

Ukifunga milango yote hiyo, unabaki dirisha moja tu lililo wazi, nalo ni pakiti.

Wazo la kulifunga dirisha hilo lilikuwa na umri. New Zealand lilijadiliwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Canada ndiyo iliyokaribia zaidi: mwaka 1994 kamati ya afya ya bunge ilisikiliza mashahidi na kupendekeza pakiti zisizo na mapambo. Kampuni za tumbaku zikaleta wanasheria wazito, wakadai kwamba kumnyang'anya mtu nembo yake ni kuvunja mikataba ya biashara ya kimataifa, na kwamba serikali italipa fidia kubwa. Mpango ukawekwa kabatini. Miaka mingi baadaye, nyaraka za ndani za kampuni hizo zilipoanikwa hadharani kutokana na kesi za Marekani, ikaonekana kwamba zenyewe zilishaambiwa kuwa mikataba ile haizilindi kiasi zilichokuwa zinadai. Canada ilikuja kuvaa sare mwishoni mwa 2019. Robo karne, jamani, kwa sababu ya vitisho vya barua.

Waziri aliyempoteza baba

Aprili 2010, Waziri Mkuu Kevin Rudd na waziri wake wa afya, Nicola Roxon, walitangaza mambo mawili kwa pamoja. Ushuru wa tumbaku ulipanda kwa asilimia 25 mara moja, na pakiti za sare zingefuata. Roxon alikuwa na miaka kumi tu baba yake alipofariki kwa saratani ya umio. Baba huyo alikuwa mvutaji.

Sheria ilipita Novemba 2011. Ukiisoma, inashangaza kwa jinsi inavyoingia ndani. Jina la sigara liandikwe kwa aina moja tu ya herufi, iitwayo Lucida Sans, kwa ukubwa usiozidi kipimo kilichowekwa, kwa rangi ya kijivu, mahali palipopangwa. Onyo lenye picha lichukue asilimia 75 ya uso wa mbele, kutoka asilimia 30 za awali, na asilimia 90 ya nyuma. Sehemu zote zilizobaki ziwe na rangi moja.

Rangi gani? Hapa pana kisa. Serikali iliagiza utafiti wa kuwauliza wavutaji wenyewe: rangi ipi inakukinaisha zaidi? Ikashinda kahawia moja iliyochanganyika na ukijani, ambayo kwa wachapaji ina namba 448C. Ukitaka kuiona bila kwenda Australia, angalia maji ya mfereji baada ya mvua ya kwanza. Mwanzoni maofisa waliiita kijani cha zeituni, wakulima wa zeituni wakaja juu: msituharibie jina! Ikabidi iitwe kahawia iliyofifia.

Kesi juu ya kesi

Kampuni hazikukaa kimya. Zilipigana mahali patatu kwa wakati mmoja, na hii ni sehemu ya historia ambayo wengi huiruka.

Kwanza, Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo ya juu kabisa huko. Katiba yao inasema serikali ikichukua mali ya mtu lazima imlipe fidia ya haki. Kampuni zikasema: mmechukua nembo zetu. Agosti 2012, majaji sita kati ya saba walizikatalia. Hoja yao kwa ufupi: serikali imekuzuia kutumia nembo yako, lakini haikuichukua iwe yake. Kuzuiwa na kuporwa ni vitu viwili.

Pili, baraza la usuluhishi la kimataifa. Mwaka 1993 Australia na Hong Kong walikuwa wametia saini mkataba wa kulinda wawekezaji. Mwaka 2011, wakati mpango wa pakiti umeshatangazwa, tawi la Philip Morris la Hong Kong lilinunua hisa za tawi la Australia, kisha likaishtaki Australia kwa kutumia mkataba huo. Desemba 2015 wasuluhishi walikataa hata kuisikiliza hoja yenyewe: kuhamisha hisa ili tu upate mlango wa kushtakia ni kutumia haki vibaya. Hata hivyo kushinda kulikuwa na bei. Australia ilitumia karibu dola milioni 24 za kwao, na ikarudishiwa kama nusu.

Tatu, Shirika la Biashara Duniani. Huko kampuni haiwezi kushtaki, nchi ndizo zinashtaki. Zikajitokeza Honduras, Jamhuri ya Dominika, Cuba, Indonesia na Ukraine. Ukraine hata haikuwa inauza tumbaku Australia, na baadaye ilijitoa. Uamuzi wa kwanza ulitoka 2018, rufaa ikamalizika Juni 2020. Australia ilishinda zote mbili.

Hesabu miaka hiyo. Kuanzia 2011 mpaka 2020 kulikuwa na kesi fulani hai. New Zealand ilisema wazi kwamba itasubiri ione mwenzake anavyofanywa, na pakiti zake za sare zilianza 2018. Nchi ndogo zaidi, kama Togo na Namibia, zilipokea barua za kuzikumbusha kwamba sheria kali za tumbaku zinaweza kugongana na mikataba. Nchi yenye bajeti ndogo ikiletewa hesabu ya wanasheria wa dola milioni 24, inafikiria mara mbili, hata kama inajua itashinda.

Watu wengi husema: "Si mnaona? Kama pakiti za sare hazifanyi kazi, kwa nini wanapigana hivyo?" Hoja hiyo ni tamu, nami imenishika mara nyingi. Lakini tuwe waangalifu. Kampuni inaweza kupigana kwa sababu inaogopa kupoteza wateja kwa mshindani wa bei nafuu, si kwa sababu watu wataacha kuvuta. Pakiti zikifanana, kwa nini nilipie ghali? Hofu ya kampuni inatuambia pakiti ina thamani ya pesa. Haituambii ni watu wangapi wataacha. Kwa hilo tunahitaji kuhesabu.

Kwa nini kuhesabu ni kugumu

Ungeweza kudhani ni kazi ya dakika tano: chukua idadi ya wavutaji kabla ya Desemba 2012, chukua ya baada, toa. Tujaribu. Uchunguzi wa kitaifa wa Australia, unaofanywa kila baada ya miaka kadhaa, ulionyesha kwamba mwaka 2010 watu wanaovuta kila siku walikuwa asilimia 15.1 ya wenye miaka 14 na zaidi. Mwaka 2013 walikuwa 12.8. Mwaka 2016, 12.2. Mwaka 2019, 11.0. Uchunguzi wa 2022 hadi 2023 ukasema 8.3.

Zimeshuka! Kesi imekwisha, si ndiyo?

Hapana. Mwaka 1991 namba hiyo ilikuwa zaidi ya asilimia 24. Yaani ilikuwa inateremka miaka ishirini kabla ya pakiti za sare. Mpira unaobingirika mlimani ukiusukuma kidogo, utasemaje umeenda mbali kwa sababu yako?

Halafu kuna shida ya pili: mambo mengi yalifanyika pamoja. Ushuru ulipanda 2010, na kuanzia Desemba 2013 ukapandishwa asilimia 12.5 kila mwaka. Picha za onyo zilipanuliwa siku ileile pakiti zilipobadilishwa. Ni sawa na mgonjwa aliyepewa dawa tatu kwa mpigo, akapona, kila mwenye duka la dawa akadai ni yake.

Ya tatu: nchi nzima ilibadilika siku moja. Katika majaribio ya tiba tunagawa watu makundi mawili, moja linapata dawa na jingine halipati, kisha tunalinganisha. Hapa kundi la kulinganishia halipo. Huwezi kuwapa Melbourne pakiti za sare na Sydney ukawaachia za dhahabu.

Na ya nne, ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote: walengwa wakuu hawakuwa wavutaji. Mjomba wangu angenunua sigara yake hata ikifungwa kwenye gazeti la juzi. Uraibu wa nikotini hauna haja ya mapambo. Walengwa walikuwa watoto wa malori ya vizibo, ambao bado hawajavuta. Utamhesabuje mtu ambaye hakuanza? Inabidi usubiri akue.

Basi watafiti walifanya nini?

Kwa kuwa hakuna jaribio moja safi, walikusanya dalili za aina mbalimbali, kama mpelelezi asiye na shahidi wa macho.

Dalili ya kwanza ni simu. Australia ina laini ya kupiga ukitaka msaada wa kuacha sigara. Katika jimbo la New South Wales na eneo la mji mkuu, Canberra, simu ziliongezeka kwa asilimia 78 baada ya pakiti mpya kuanza kuonekana, na kilele kikafika wiki nne baadaye. Kisha ziliteremka, lakini mtikisiko ulikuwepo.

Dalili ya pili ni meza za migahawa. Watafiti walipita Melbourne na Adelaide wakihesabu pakiti zilizowekwa kwenye meza za nje, kabla na baada. Baadaye walikuta pakiti chache zaidi, na nyingine zimefunikwa kwa simu au pochi. Kitu kilichokuwa kinaonyeshwa kikawa kinafichwa.

Dalili ya tatu ni ladha, na hii ndiyo ninayoipenda. Wavutaji wa Australia walianza kulalamika kwamba kampuni zimechakachua tumbaku, sigara sasa ni mbaya. Kampuni zikasema hazijabadilisha kitu. Watafiti wakiongozwa na Melanie Wakefield walipowahoji wavutaji wakati wa mpito, waliokuwa tayari wanatumia pakiti za sare walisema zaidi kwamba sigara zao zimeshuka ubora na haziwaridhishi kama mwaka uliopita. Miaka saba baadaye Saudi Arabia ikaleta pakiti za sare, na kelele zikawa zilezile, mpaka mamlaka za huko zikaziita kampuni kujieleza kuhusu ladha. Wabunifu wa vifungashio walilijua hili tangu katikati ya karne ya 20: ulimi unaonja kinachoonwa na jicho.

Dalili ya nne ni hesabu kubwa. Mwaka 2016 serikali ilichapisha tathmini yake. Mchumi Tasneem Chipty alichukua takwimu za kila mwezi, akajenga modeli iliyojaribu kutenga mteremko wa zamani na athari za ushuru, akaangalia kinachobaki. Kiwango cha wavutaji kwenye takwimu hizo kilitoka wastani wa asilimia 19.4 kabla ya mabadiliko hadi 17.2 katika kipindi cha Desemba 2012 hadi Septemba 2015, yaani kilishuka kwa pointi 2.2. (Kiko juu ya kile cha awali kwa sababu kinahesabu na wasiovuta kila siku.) Kati ya pointi hizo, 0.55 ndizo alizokadiria kuwa ni kazi ya mabadiliko ya pakiti. Robo moja.

Pointi 0.55. Unaweza kucheka. Lakini kwa idadi ya watu wa Australia hiyo ni kama watu 108,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Ujaze, wote watoke, uanze kuujaza tena mpaka zaidi ya robo tatu. Sasa kumbuka kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mpaka nusu ya watumiaji wa tumbaku wasioacha huuawa na tumbaku. Asilimia ndogo ya taifa si watu wachache.

Wenye mashaka walisema nini?

Tusiwanyime nafasi. Mwaka 2014, watafiti wawili wenye uhusiano na Chuo Kikuu cha Zurich, Ashok Kaul na Michael Wolf, waliangalia takwimu za vijana wa miaka 14 hadi 17 na kusema hawakuona athari. Utafiti wao ulilipiwa na Philip Morris. Hilo peke yake si kosa la hesabu, lakini wakosoaji walionyesha jambo la kiufundi: idadi ya vijana wavutaji kwenye sampuli ilikuwa ndogo, na muda ulikuwa mwaka mmoja tu. Ukitafuta sindano gizani kwa dakika moja ukaikosa, hujathibitisha kwamba sindano haipo.

Lakini haki ni haki: na upande wa pili pia usijivune. Mwaka 2017 wanasayansi wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kupima ubora wa ushahidi, walikusanya tafiti 51. Walikuta ushahidi thabiti kiasi kwamba pakiti za sare zinapunguza mvuto wa sigara. Kuhusu kupunguza idadi ya wavutaji, walisema huenda zinapunguza, ila ushahidi ni mchache, na sehemu kubwa yake ni ya nchi moja. Mwaka 2014 daktari wa Uingereza, Sir Cyril Chantler, alipoombwa na serikali yake atoe maoni, alifika karibu na hapohapo: athari itakuwa ya kiasi, lakini yenye maana, hasa kwa watoto. Uingereza na Ufaransa zikaanza 2016.

Na magendo je? Kampuni zilionya kwamba pakiti za sare zitakuwa rahisi kughushi. Ni kweli Australia ya leo ina tatizo kubwa la tumbaku ya magendo, na maduka yamechomwa moto Melbourne katika ugomvi wa magenge. Lakini angalia bei: pakiti halali ya sigara ishirini inapita dola 40 za Australia. Pengo kati ya bei hiyo na ya magendo ndilo linalolipa majambazi. Hilo ni swali la ushuru, nalo ni zito, linahitaji makala yake. Pakiti nyingi za magendo hata hazijisumbui kuvaa sare. Zinakuja na rangi zake zote.

Kampuni nazo zilibuni njia. Kwa kuwa rangi zimekatazwa, zikaziandika kwa maneno: jina la sigara likaongezewa "bluu", "dhahabu". Idadi ya sigara kwenye pakiti ikachezewa pia. Australia ikarudi mezani, na sheria mpya iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2025 imebana majina, ikaweka pakiti za sigara ishirini tu, na kuandika onyo juu ya sigara yenyewe, mojamoja.

Na kwetu, ambako pakiti haionekani

Hilo la mwisho ndilo lililonirudisha nyumbani. Kwetu Afrika Mashariki sare bado. Barani, Mauritius ndiyo iliyotangulia, Mei 2023. Kenya ilipigana vita vyake: kanuni za tumbaku za 2014 zilipingwa mahakamani mpaka Mahakama ya Juu ilipozihalalisha Novemba 2019.

Lakini nenda genge lolote jioni. Mtu anatoa sarafu, anapewa sigara moja, anaiwashia kwa kiberiti kilichofungwa kamba dirishani. Sheria za Kenya na Uganda zinakataza kuuza sigara mojamoja, ila mtaani unajua mwenyewe. Mnunuzi huyo haoni onyo, haoni picha. Pakiti anayo muuzaji, imesimamishwa nyuma ya kioo, uso wa rangi mbele. Kwetu onyo linamfikia mwenye duka, na mapambo yanawafikia wapita njia wote, wakiwemo watoto waliotumwa chumvi.

Kwa hiyo tukiiga Australia neno kwa neno tutapata nusu ya faida. Nusu ya kuwakinga watoto na rangi za dirishani tutaipata. Nusu ya kumwonya mvutaji itatupita, kwa sababu mvutaji wetu haigusi pakiti. Kwake yeye, onyo lililochapwa juu ya sigara moja, kama walivyoanza Canada mwaka 2023 na sasa Australia, huenda lina maana zaidi kuliko huko lilikobuniwa.

Basi jibu la swali letu: ndiyo, kwa kadiri tunavyoweza kupima, pakiti za sare zilisaidia, kidogo, zikishirikiana na ushuru, maonyo na miaka arobaini ya kufunga milango. Anayekuambia ziliimaliza sigara anakudanganya. Anayekuambia hazikufanya kitu kwa sababu mstari wa grafu haukuvunjika siku hiyohiyo, huyo alikuwa anaangalia wavutaji, wakati sheria ilikuwa inaangalia watoto.

Watoto waliozaliwa Australia mwaka 2012 sasa ndio wanaingia umri ambao watu wengi huvuta sigara yao ya kwanza. Sigara wataiona, marafiki watawapa. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekua akiona pakiti nzuri inauzwa dukani kihalali, na sidhani kama kuna anayeweza kuichora kwa kumbukumbu. Mimi naweza.